Maji ya Moto Nyumbani: Uniti Zinakwenda Wapi?

Somo hili linahusu kazi ambayo karibu kila nyumba huifanya kabla jua halijachomoza, nayo ni kupasha maji. Mtwara mjini, Mikindani, na katika vijiji vya pwani kuelekea Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, maji ya moto ndiyo chai ya asubuhi, ndiyo uji wa mtoto, ndiyo maji ya kunywa yaliyochemshwa, na mwezi wa Ramadhani ndiyo daku. Zamani kazi hii ilikuwa ya sufuria na mkaa. Siku hizi nyumba nyingi zenye umeme zina birika la umeme, ambalo wengine huliita jagi la umeme, na baadhi zimeongeza ile mashine ya maji ya kunywa yenye mtungi juu na mabomba ya maji moto na baridi, maarufu kwa jina la dispensa. Kifaa hiki cha mwisho ndicho tutakachokitazama kwa undani, kwa sababu gharama yake haionekani dukani wala haisikiki kinapofanya kazi.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na kituo cha kufua umeme cha Mtwara huendeshwa kwa gesi hiyo. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba uniti inayonunuliwa Mtwara ni rahisi kuliko ya mikoa mingine. Sivyo ilivyo. Bei za TANESCO huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, na mteja wa Shangani hulipa sawa na mteja wa kundi lake aliyeko Mwanza. Ukaribu wa visima haumpunguzii mtu hata senti.

Wati na uniti

Watumiaji wengi huchagua kifaa kwa kusoma wati zilizoandikwa chini yake. Birika limeandikwa wati 2,000. Dispensa, upande wa kupasha, imeandikwa wati 500. Mnunuzi huhitimisha kwamba birika linakula umeme mara nne ya dispensa. Hitimisho hilo lina kasoro, kwa kuwa wati hueleza kasi ya matumizi tu, ilhali uniti tunazonunua hueleza jumla ya kilichotumika. Bomba lililofunguliwa kwa nguvu kwa dakika tatu halijazi pipa, lakini linalodondoka usiku na mchana hulijaza likafurika. Uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa muda wa saa moja. Ama wati 500 kwa saa mbili, ama wati 2,000 kwa nusu saa.

Sasa tupime maji yenyewe. Maji ya bomba katika pwani yetu huwa na joto la nyuzi 27 hivi. Kuipandisha lita moja kutoka hapo hadi nyuzi 100 kunahitaji uniti 0.085. Hakuna kifaa, kiwe cha ghali au cha bei nafuu, kinachoweza kuipunguza hesabu hiyo, kwa maana ndiyo tabia ya maji. Birika hupoteza kiasi kidogo cha ziada kupitia kuta zake na mvuke, kwa hiyo tukikadiria uniti 0.1 kwa kila lita tutakuwa karibu na ukweli. Uniti moja, basi, huchemsha lita 10, na birika la wati 2,000 huichemsha kila lita kwa dakika tatu au zaidi kidogo.

Jambo linaloweza kubadilika ni wingi wa maji. Mtu anayehitaji vikombe viwili vya chai, yaani nusu lita, akajaza birika la lita 1.7 hadi juu, hutumia uniti 0.17 mahali pa uniti 0.05. Maji yaliyobaki hupoa, na jioni huchemshwa upya. Pima kwa kikombe kile kile utakachonywea, kisha hakikisha tu kwamba maji yamefika kwenye alama ya chini iliyochorwa ndani ya birika.

Tuseme pia neno kuhusu umeme mdogo, kwa kuwa malalamiko juu yake ni mengi. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya koili hushuka hadi asilimia 60 hivi, na lita iliyokuwa ikichemka kwa dakika tatu sasa huchukua dakika tano. Wengi huona muda umerefuka wakaamini kwamba uniti nazo zimeongezeka. Ongezeko lipo, lakini ni dogo sana, kwa sababu muda umerefuka ilhali kasi ya matumizi imepungua. Umeme mdogo una madhara makubwa zaidi kwa friji na vifaa vingine vyenye mota kuliko kwa birika.

Dispensa hufanya nini usiku

Ndani ya dispensa kuna tangi dogo, aghalabu la lita moja hivi, lenye koili na swichi inayohisi joto. Maji yakifika kiwango kilichowekwa, koili hujizima. Yakipoa kidogo, hujiwasha. Usiku mwenye nyumba amelala, hakuna anayechota hata tone, na tangi linaendelea kupoteza joto kupitia kuta zake. Koili nayo inaendelea kulirudisha. Upande wa baridi una hadithi kama hiyo kwa kinyume chake: joto la chumba huingia kwenye maji, na mashine hulitoa. Mtwara, ambako chumba kilichofungwa huwa na joto hata usiku wa manane, upande huo haupati nafasi ya kupumzika.

Kiasi kinachopotea namna hii kimepimwa. Mpango wa Marekani wa Energy Star, unaotoa alama kwa vifaa vyenye matumizi mazuri ya umeme, awali uliweka kikomo cha uniti 1.20 kwa siku kwa dispensa ya moto na baridi ambayo imewashwa na haichotwi maji kabisa. Mwaka 2014 kikomo kilishushwa hadi uniti 0.87. Msomaji azingatie kwamba hizo ndizo mashine zilizostahili kupewa alama. Isiyo na alama inaweza kuwa na matumizi makubwa zaidi. Kwa hesabu za somo hili tutachukua uniti 1.2 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 36, kabla ya kikombe cha kwanza kuchotwa.

Hapa ndipo jambo linapogusa mfuko. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi kufikia uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350. Kundi hilo limewekwa kwa ajili ya nyumba ambazo wastani wa matumizi yake haupiti uniti 75. Anayezoea kupita huhamishiwa kundi la T1, ambalo uniti yake ni shilingi 292 tangu ile ya kwanza. Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya D1 huwa shilingi 122, ya ziada huwa 427, na ya T1 huwa 356.24.

Tuchukue nyumba ya watu watano inayotumia uniti 50 kwa mwezi. Wana taa, televisheni, feni, simu za kuchaji, na birika linalochemsha lita 4 kwa siku, ambazo ni uniti 12 kati ya hizo 50. Gharama yao ni shilingi 6,100. Sasa wananunua dispensa na kuliweka birika kabatini. Uniti 12 za birika zinaondoka. Zinaingia uniti 36 za dispensa kukaa tu, pamoja na uniti 9 hivi za kupasha zile lita 4 hadi nyuzi 90. Jumla mpya ni uniti 83, na gharama ni shilingi 12,566, yaani zaidi ya mara mbili, kwa chai ile ile.

Hali hiyo ikiendelea na nyumba ikahamishiwa T1, uniti hizo 83 zitagharimu karibu shilingi 29,570. Vikombe havijaongezeka, ilhali nyumba imetoka kwenye shilingi elfu sita imeingia karibu elfu thelathini. Nasi tunaona ni haki muuzaji amweleze mnunuzi jambo hili kabla ya kupokea fedha zake, ingawa ni wachache wanaofanya hivyo.

Haimaanishi kwamba dispensa ni kifaa kibaya popote kilipo. Ofisi ya watu ishirini wanaochota mchana kutwa hugawana hasara ile ile ya uniti 1.2, na kwa kila kikombe huwa ndogo. Nyumba yenye mgonjwa anayehitaji maji ya moto kila saa inaweza kuona unafuu wake una thamani. Kinachopaswa kujulikana ni kwamba hulipii maji ya moto pekee. Unalipia pia kusubiri kwake.

Kwa aliye nayo tayari, nyuma ya dispensa nyingi kuna swichi mbili, nyekundu ya moto na ya kijani ya baridi. Izime nyekundu baada ya chai ya jioni na uiwashe robo saa kabla ya kuihitaji. Kuna usemi kwamba kuzima na kuwasha hula umeme zaidi kuliko kuacha. Kwa tangi la lita moja usemi huo si wa kweli: hata yakipoa kabisa, kuyapasha tena hadi nyuzi 90 hakuzidi uniti 0.1, nacho ni kiasi kidogo kuliko kinachoweza kupotea tangi likiachwa linasubiri usiku kucha. Kama hamnywi maji baridi ya mashine kwa kuwa friji ipo, swichi ya kijani nayo haina sababu ya kuwashwa.

Na kwa yule ambaye bado hajanunua, chupa ya chai ya kawaida iliyo na kizibo kizima hufanya kazi ya tangi lile bila kutumia uniti hata moja. Maji yaliyochemshwa saa tatu usiku na kumiminwa humo yatafaa kwa daku au kwa uji wa alfajiri. Isuuze kwanza kwa maji moto kidogo, ujaze hadi karibu na mdomo, kwa maana chupa iliyojaa nusu hupoa upesi. Ukiona chupa inapata joto kwa nje, jua kioo cha ndani kimeharibika.

Zoezi la kupima kwa LUKU

Usichukue hesabu zetu kwa imani. Mita ya LUKU iliyo nyumbani kwako inatosha kuthibitisha. Usiku kabla ya kulala zima kila kitu ukutani, friji pia kama inaweza kuvumilia saa chache bila kufunguliwa, uache dispensa peke yake. Andika uniti zilizobaki kama zinavyoonekana kwenye kioo cha mita, pamoja na saa. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuchota maji, andika tena. Tofauti uigawanye kwa idadi ya saa zilizopita, kisha uzidishe kwa 24. Hiyo ndiyo hasara ya mashine yako kwa siku, wala si ya mashine ya kitabuni.

Kwa birika, pima lita mbili kamili, andika uniti, chemsha, andika tena. Ukipata kati ya 0.18 na 0.22, birika lako ni zima. Fanya zoezi wakati friji imezimwa, la sivyo utalisingizia birika.

Tahadhari moja: usilinganishe mwezi na mwezi kwa kutazama uniti ulizopata kwa noti ile ile ya elfu kumi. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na makato hayo hufanya ununuzi wa kwanza wa mwezi ulete uniti chache. Soma stakabadhi yote. Tumewasikia watu wakiuza birika zima kwa kosa ambalo si lake.

Maji ya kunywa, chumvi na chokaa

Baadhi ya familia hujaza mtungi wa dispensa kwa maji ya kisima au ya bomba ambayo hayakuchemshwa, wakiamini kwamba mashine itayatibu. Jambo hili ni la hatari. Bomba la baridi hutoa maji ambayo hayakupita kwenye tangi la moto kabisa. Vijidudu vilivyoingia na maji vitatoka na maji, vikiwa vimepozwa vizuri. Hata upande wa moto kwa kawaida hufikisha nyuzi 85 hadi 95 bila kuchemsha, na anayechota mfululizo hupata maji ya uvuguvugu. Maji yanayowekwa juu ya dispensa yawe yamekwisha kuwa salama kabla ya kuwekwa.

Katika kuchemsha kwenyewe, Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba inatosha maji yafike kiwango cha kuchemka kwa mapovu makubwa, kisha yaondolewe motoni na kuachwa yapoe yenyewe yakiwa yamefunikwa. Desturi ya kuyaacha yatokote kwa dakika kumi au ishirini haiongezi usalama. Kinachoongezeka ni mvuke, na kila robo lita inayopotea kwa mvuke imebeba karibu uniti 0.16 za nishati, zaidi ya zilizotumika kuchemsha lita nzima. Funika sufuria.

Kwa ndugu zetu wa visima vilivyo karibu na bahari na mlango wa Ruvuma, kuchemsha hakuondoi chumvi. Mvuke huondoka, chumvi hubaki, na maji huwa na chumvi zaidi kuliko awali.

Ardhi ya pwani yenye miamba ya matumbawe huyapa maji ya visima vingi chokaa, nayo ndiyo ule ukoko mweupe unaoganda chini ya birika. Ni kweli kwamba ukoko huchelewesha maji kupata moto, lakini hasara yake ya uniti si kubwa kama inavyosimuliwa. Joto la koili bado huishia majini. Hasara yake kubwa ni kwamba koili iliyofunikwa hupata joto kupita kiasi, swichi hujizima kabla maji hayajachemka, na mwishowe koili huungua. Mara moja kwa mwezi tia maji ya ndimu mbili au tatu kwenye nusu lita ya maji, chemsha, acha nusu saa, mwaga na usuuze. Siki nyeupe hufaa vilevile. Usikwangue kwa kisu.

Kama si umeme

Nyumba nyingi hutumia zaidi ya moto mmoja, na kila mmoja una hesabu yake. Jiko la gesi ya mtungi hutumia takriban gramu 13 kuchemsha lita moja, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unaweza kuchemsha lita 450 hivi. Gawanya bei uliyojaziwa kwa 450 upate gharama ya lita, ulinganishe na shilingi 12 kwa mteja wa D1 asiyepita uniti 75, au shilingi 36 kwa mteja wa T1. Kwa bei yoyote ya gesi inayojulikana leo, mteja wa D1 ataona birika limeshinda kwa mbali, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kusikia kwamba umeme ni wa taa tu.

Mkaa kwenye jiko la kawaida huhitaji gramu 50 au zaidi kwa lita, bila kuhesabu ule wa kuwashia na ule unaoendelea kuwaka baada ya chai kuiva. Moshi na hewa yake yenye sumu katika chumba kilichofungwa hauhitaji kikokotoo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na kuchemsha maji ni mahali rahisi pa kuanzia, kwa kuwa hakubadilishi ladha ya chakula cha mtu yeyote.

Kwa wanaotegemea sola ndogo katika vijiji visivyofikiwa na nguzo, birika la umeme halifai. Paneli ya wati 50 kwa siku ya jua kali huvuna kiasi cha uniti 0.2 hadi 0.25. Lita mbili za chai humaliza zote, na usiku hakuna taa.

Hita ya kuchovya kwenye ndoo ina matumizi yanayokaribiana na ya birika, lakini hatuishauri nyumbani. Haijizimi, na anayetia mkono majini ikiwa imewashwa anaweza kupoteza maisha. Kama maji ya kuoga ni lazima yawe ya moto, ndoo ya lita 20 iliyofikishwa nyuzi 40 huhitaji joto sawa na lita tatu na nusu za maji yaliyochemka. Chemsha hizo kwenye birika, kisha changanya.

Unapokwenda dukani

Omba birika lichomekwe na kuchemshwa mbele yako, na utazame kama linajizima lenyewe. Kagua alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Plagi iingie kwenye soketi bila kulegea; birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na waya mwembamba wa ekstensheni unaobeba birika na friji kwa pamoja hupata moto hadi kuyeyuka. Kwa dispensa, uliza matumizi yake ya umeme kwa saa 24 ikiwa haichotwi. Kama muuzaji hana jibu na kitabu chake hakina, tumia uniti 1.2 kuwa makadirio yako. Dai stakabadhi yenye jina la kifaa na muda wa dhamana, uihifadhi pamoja na zile za LUKU. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Ya ubora hupelekwa TBS. Na anayehisi amewekwa kundi la bei lisilo lake aanzie ofisi ya TANESCO ya wilaya akiwa na stakabadhi za miezi mitatu au zaidi. Asiporidhika na jibu, alipeleke shauri lake EWURA kwa maandishi.